Chumba cha Dada Polepole

Kapteni hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja alifundisha michezo na gwaride katika shule ile ile, filimbi shingoni, fulana imechomekwa ndani ya suruali, na sauti ambayo wapishi wa shule walidai inachemsha maji kabla ya kuni. Alipostaafu alirudisha mipira, koni na vitabu vya mahudhurio. Filimbi alisahau kuirudisha, au alijisahaulisha, tusimchimbe sana.

Nyumbani alikuwa na mkewe, aliyemwita Mama Watoto ingawa watoto wenyewe walishaota ndevu na kuhamia miji mingine. Mama Watoto alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiishi na baridi yabisi, ugonjwa unaokula viungo kidogo kidogo na kukaa bila kuaga. Vidole alishavizoea. Viwiko alishavisamehe. Lakini goti la kulia lilikataa suluhu. Lilinyooka kama mguu wa meza, halikunjiki, na cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa imefunikwa shuka kwa miezi minane.

Daktari hakuzungusha maneno. "Goti hili bado lina nafasi, mama, lakini nafasi haisubiri. Likikaa hivi mpaka mwisho wa mwaka litaganda moja kwa moja. Dawa zitapunguza uvimbe, ila bila mazoezi halitakunjika."

"Nimesikia," alisema Mama Watoto, kwa sauti ya mtu aliyesikia na asiye na mpango wa kufanya lolote.

Hapo ndipo Kapteni alipokuwa anachanganyikiwa kila mara. Mke wake hakuwa mwoga. Alizaa watoto wanne, alishawahi kumfukuza mwizi na mkasi wa kukatia vitambaa, na hakuna mwenye duka aliyethubutu kumpunja uzi. Lakini ukitaja neno mazoezi, aliinuka akaondoka, na siku asizoweza kuinuka aligeuza uso ukutani. Kliniki mbili alishaziacha. Mtaalamu wa tatu alikuja hadi nyumbani, akapewa chai, akaagwa kabla hajavua koti. Sababu ilikuwa moja siku zote, kwamba amechoka tu, na sababu ya namna hiyo hata wakili hawezi kuipinga.

Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwona Mama Watoto siku moja kwenye foleni ya dawa, amekaa mgongo ukutani, macho mlangoni. Akamwinamia. "Kuna chumba kule nyuma, Jumanne na Ijumaa asubuhi. Nenda ukaone tu. Kuona hakuumi."

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mafaili, na ukutani bado kulikuwa na alama za rafu. Sasa kulikuwa na viti, vya mbao na vya plastiki, vyenye mikono na visivyo na mikono, vyote vimeelekezwa mlangoni. Mlango uliachwa wazi, umezuiwa kwa tofali. Mwenye kazi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, viatu vya raba miguuni, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa wake walimwita Dada Polepole, naye aliitika bila kinyongo.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Karibuni. Mama, chagua kiti unachokitaka. Ukibadili mawazo, badili na kiti."

Mama Watoto alikaa kiti cha kati. Akahamia cha pembeni. Baada ya dakika kumi akahamia kingine karibu kabisa na mlango, mgongo ukutani, na hapo ndipo mabega yake yaliposhuka. Kapteni, aliyewekwa kwenye benchi la wasindikizaji, aliona aibu kwa niaba yake. Wenzake walikuwa wameshaanza. Dereva mstaafu wa lori, aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto, alikuwa anageuza kiganja chake juu, kisha chini, kisha juu. Binti mmoja, karani wa maktaba mwenye selimundu, alikuwa anazungusha shingo taratibu huku amefumba macho. Hakuna aliyehesabu wala aliyepiga makofi. Dada Polepole alipita kati yao akiuliza, "Naweza kukaa hapa?" kabla hajakaa, na, "Naweza kukishika kiwiko chako?" kabla hajashika. Dereva alipojibu, "Leo hapana, dada," alisema, "Asante kwa kuniambia," akamwonyesha kwa kiwiko chake mwenyewe.

Saa nzima ilipita hivyo, na Mama Watoto hakufanya chochote zaidi ya kukaa.

Wakati wa kuaga, Kapteni aliona ni wajibu wake kumpa mtaalamu historia ya mgonjwa. "Usimwone hivi, mwanangu. Huyu ni shujaa. Miaka kumi na moja iliyopita alipasuliwa hili goti, likakakamaa, wakalikunja palepale wodini. Yule bwana wa mazoezi alikuwa na mikono kama jeki ya gari. Mama alipiga kelele jengo zima likasikia. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mabega asianguke kitandani, nikamwambia, mvumilivu hula mbivu. Akavumilia mpaka mwisho." Alicheka kwa fahari. Hadithi hiyo alishaisimulia kwa majirani, kwa walimu wenzake, na mara moja harusini, mbele ya wakwe.

Dada Polepole hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya Mama Watoto, iliyokuwa inakunja leso, inaikunjua, inaikunja tena. "Nashukuru mzee kwa kunieleza," alisema, kisha akamgeukia mwenye goti. "Mama, hapa hakuna anayeshikiliwa. Ukisema basi, ni basi, na sababu utabaki nayo mwenyewe."

"Na nisipofanya kitu kabisa?"

"Utakuwa umekuja. Nami nitakuwa nimekuona."

Njiani Kapteni alilalamika mpaka akakauka koo. Kwa kasi ile, alisema, watafika makaburini kabla ya kufika gotini. Lakini Ijumaa asubuhi Mama Watoto alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Wiki ya pili alichezesha vidole vya mguu ndani ya kiatu. Wiki ya tatu akavua kiatu. Wiki ya nne Dada Polepole alimwekea kipande cha kitambaa chini ya unyayo, sakafu ikiwa imesuguliwa vizuri, akamwambia ateleze mguu mbele na nyuma kadiri unavyotaka mguu wenyewe. Mama Watoto, fundi ni fundi tu, alitoa kifungo cha shati mfukoni akakiweka sakafuni pale kisigino kilipofika. Ijumaa iliyofuata alikisogeza nyuma kwa upana wa vidole viwili. Dada Polepole aliinama akakitazama kile kifungo kwa heshima zote, kama watu wanavyotazama mtoto mchanga, kisha akanyanyuka.

Na Kapteni, atake asitake, alianza kumvulia kofia. Mwalimu humjua mwalimu. Aliona jinsi Dada Polepole anavyoweza kusimama upande mwingine wa chumba, anamsaidia dereva, na papo hapo akaona bega la karani wa maktaba limepanda nusu kidole, akamwambia, "Pumzika kwanza, shoga." Aliona kwamba hasimami nyuma ya mtu hata mara moja, kwamba akitaka kuzima feni anatangaza kwanza, kwamba kila alichotaka kumfanyia mtu alikitaja kabla. Siku moja alimwuliza kwa nini hahesabu. "Nikihesabu mpaka kumi, mzee, mtu atasikiliza kumi yangu. Mimi nataka asikilize mguu wake." Kapteni alilala na jibu hilo. Katika miaka thelathini na moja alikuwa ameona mistari iliyonyooka na mistari iliyopinda, na alijiuliza ni watoto wangapi aliowaona mmoja mmoja.

Hata hivyo, mazoea yana taabu. Wiki ya sita, Jumanne, Mama Watoto alivuta kisigino nyuma, kikafika kwenye kifungo, kikakipita. Goti lilikunjika. Halikuwa jambo la kuandikwa magazetini, lakini lilikunjika, na kila mtu pale aliliona. Uso wa Mama Watoto uling'aa, na mguu bado ulikuwa unakwenda. Kapteni aliruka kutoka kwenye benchi kama mtu aliyeona mwanafunzi wake anakaribia utepe. Alipenya kando ya ukuta, akatokea nyuma ya bega lake, akamshika mabega yote mawili, akamwambia sikioni, "Kidogo tu, Mama Watoto. Mvumilivu hula mbivu."

Mama Watoto alikauka. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Mdomo ulibaki wazi bila sauti, rangi ikamtoka, macho yakawa yanatazama mahali ambapo hapakuwa chumba kile. Pumzi ilikuwa inaingia na haitoki.

"Kapteni," alisema Dada Polepole, sauti ileile ya kila siku, wala haikupanda. "Ondoa mikono polepole. Pita hapa mbele. Simama mlangoni, akuone." Kapteni alitii, naye hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipotii.

Dada Polepole alikaa sakafuni, hatua mbili mbele ya kile kiti, chini kuliko macho ya mgonjwa. Hakumgusa. "Mama, ni Jumanne asubuhi. Upo chumba cha nyuma cha zahanati. Hakuna aliyekushika. Mlango uko wazi, ule pale. Unyayo wako uko kwenye sakafu, ni baridi kidogo." Akarudia, maneno yaleyale, kasi ileile. Na hapo Kapteni aliona jambo ambalo baadaye hakuacha kulieleza. Dereva aligeuza kiti chake kuelekea dirishani. Karani naye akageuza chake. Wengine wakafuata, bila kuambiwa, bila kunong'ona, wakaendelea na mazoezi yao, kiganja juu, kiganja chini, ili mwenzao asitazamwe na wala asiachwe peke yake. Ilikuwa desturi yao. Kila mmoja wao, kwa zamu yake, alishageuziwa viti.

Ilichukua muda. Pumzi ya kwanza ilitoka kwa kutetemeka, ya pili ikaifuata. "Naona kifungo," alisema Mama Watoto hatimaye.

"Ni chako," alisema Dada Polepole.

Aliomba kwenda nje, akapelekwa na miguu yake mwenyewe hadi benchi la ukumbini. Kapteni alikaa ncha nyingine ya benchi.

"Yule aliyenikunja goti," alisema Mama Watoto akitazama ukuta wa mbele, "simkumbuki hata sura. Nikikutana naye njiani nitampisha. Ninayemkumbuka ni aliyenishika mabega."

"Mama Watoto, mimi nilikuwa nakusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sikuwahi kukwambia. Angekuwa adui ningemchukia tukamalizana. Wewe nilikuwa nakupikia, nafua mashati yako, na kila ukipita nyuma yangu jikoni nashika meza." Alipangusa uso na leso. "Nilisema basi mara tatu. Yule bwana alikuwa mbali, labda hakusikia. Wewe sikio lako lilikuwa hapa." Akaonyesha kando ya mdomo wake.

Kapteni angeweza kusema hakusikia. Ni miaka kumi na moja, nani angemkatalia? Lakini alikuwa mtu mkweli, na kelele zake zote hazikuwahi kumharibia hilo. "Nilisikia," alisema. "Mara zote tatu. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Mama Watoto alitikisa kichwa, machozi yakimtoka bila haraka. Kisha akasema hatarudi mle ndani, wakaenda nyumbani.

Hakwenda Ijumaa. Hakwenda Jumanne iliyofuata. Kalenda ya jikoni ilikuwa imebakiwa na karatasi mbili tu, na Kapteni alikumbuka mwisho wa mwaka aliousema daktari. Dada Polepole alituma ujumbe mmoja tu: Mama, kiti chako kipo. Usipokuja, pia kipo. Kapteni alitamani angeandika kwa ukali zaidi. Siku ya tatu baada ya ujumbe huo alivaa viatu akaenda zahanati peke yake.

"Niambie cha kufanya," alisema. "Zoezi lolote. Hata la kunitia adabu."

Dada Polepole alikuwa anapanga viti. Alisimamisha kazi, akamvutia kimoja, akakaa mbele yake. "Hukukusudia kumwumiza, mzee, na ulimwumiza. Yote mawili ni kweli, usitupe hata moja. Hujui kuuliza, ndiyo shida. Anza na vitu vidogo. Ila ukiuliza, uwe tayari kwa jibu lolote. Swali lenye jibu moja tu ni amri iliyojipaka poda."

"Na akikataa kila kitu?"

"Basi atakuwa amekataa kila kitu, na wewe utakuwa hapo hapo, huna hasira. Hilo ndilo hajawahi kuliona."

Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, lakini hawakusema kwamba ni kazi ngumu hivi kwa mwalimu wa gwaride. Kapteni aligundua kwamba chai ya mkewe alikuwa ameshaimimina kabla swali halijamtoka mdomoni. Aligundua kwamba "tufungue dirisha?" alikuwa akilisema huku dirisha linafunguka. Alianza upya. Alisimama mahali anapoonekana, akauliza, akangoja. Akipita nyuma ya mke wake alikohoa kwanza, akamtajia, "Napita nyuma yako," mpaka Mama Watoto akamwambia asikohoe sana watu wasije wakadhani ana kifua. Hadithi ya ushujaa wa wodini hakuisimulia tena. Jirani alipoiomba, akijua ilivyo tamu, Kapteni alisema, "Ile niliisimulia vibaya," akabadilisha mazungumzo.

Wiki iliyofuata Mama Watoto alivaa viatu Ijumaa asubuhi bila maelezo. Mlangoni pa zahanati Kapteni alimwuliza, "Niingie, au nikae nje?"

"Kaa nje."

Alikaa nje. Ijumaa ile, na Jumanne, na zote zilizofuata, kwenye benchi la ukumbini, akisikia viti vikiburuzwa na sauti ya Dada Polepole ikiomba ruhusa. Dereva wa lori akitoka alimtania, "Kapteni, umeshushwa cheo?" naye akajibu kwamba amerudishwa darasa la kwanza, na anashukuru kwamba wamempokea. Alisema hivyo kwa utani, na alimaanisha. Mle ndani mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba alikuwa anafanya kazi ambayo yeye alidhani anaijua, na angelipa nauli ya kuvuka nchi nzima kwenda kukaa kwenye benchi lile.

Desemba ilipoanza, asubuhi moja alitoka bafuni akakuta shuka limeondolewa kwenye cherehani. Mama Watoto alikuwa amekaa mbele ya cherehani hiyo, kiti amekisogeza mwenyewe, mguu wa kushoto juu ya kanyagio, wa kulia bado sakafuni. Alikuwa anautazama ule wa kulia.

Kapteni alizunguka mpaka upande wa dirisha, akasimama mbele yake. "Nikusaidie kuunyanyua?"

"Hapana."

Mikono ya Kapteni ilikuwa imeshaanza safari. Aliirudisha, akaiweka mfukoni, akabaki pale. Mama Watoto alimtazama muda mrefu. Alikuwa anangoja, na Kapteni alijua anangoja nini: ile pumzi ya kukerwa, ile "lakini", ile hatua moja mbele. Hakuna kilichokuja.

"Huniulizi kwa nini?"

"Sikuulizi."

Kitu kikalegea usoni pa Mama Watoto, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, na Kapteni akaona sura ambayo hakuwa ameiona tangu kabla ya wodi ile. Macho yake yalijaa machozi na mdomo ukawa unataka kucheka. "Hebu niulize tena," alisema.

"Nikusaidie kuunyanyua mguu?"

"Hapana." Alilisema polepole zaidi, akilionja. "Tena."

"Nikusaidie?"

"Sitaki, bwana wee," alisema, akacheka sasa waziwazi, mwili mzima ukitikisika, na katika kucheka mguu wa kulia ulipanda juu ya kanyagio, goti likakunjika, gurudumu likazunguka nusu na kurudi. Mwenyewe hakuwa ameona. Kapteni aliona. Miaka thelathini na moja ya filimbi ilimpanda kooni, ikasukuma meno, naye akaimeza yote.

"Tena," alisema Mama Watoto.

Akauliza tena.